Nani Ataonja Kwanza

Wanzala hupika bia asiyoinywa. Ulimi wake ni mimi.

Watu wakisikia hivyo hucheka, nami huwaacha wacheke, maana hata mimi nilicheka siku ya kwanza. Nilikuwa kwenye kituo chetu cha kupokea maziwa pale Khayega, saa moja asubuhi, foleni ya mitungi imefika barabarani, alipokuja kijana mrefu asiye na mtungi wowote na kuniomba nimwazime kipima maziwa. Chake cha bia kilikuwa kimevunjika, alisema.

"Hiki ni cha maziwa," nilimwambia. "Kwani bia yako ni maziwa?"

"Maji ya kimea ni mazito kuliko maziwa. Nitayachanganya na maji ya kawaida nusu kwa nusu, nipime, halafu nizidishe mara mbili."

Wakulima walianza kunung'unika nyuma yake. Mimi nilikuwa bado namtazama. Sijui kwa wengine mapenzi huanzia wapi, lakini yangu yalianzia kwenye hesabu hiyo. Nilimpa kipima.

Alikirudisha jioni, kimeoshwa, kimefungwa kwa kitambaa safi, pamoja na kichupa kidogo cha kitu chenye rangi ya asali.

"Nionjee hii, uniambie ikoje," alisema.

"Kwani wewe huna mdomo?"

"Ninao. Lakini mimi sikunywangi."

Basi nikaionja, yeye akiwa amegeukia barabarani. Ulimi ndiyo kazi yangu. Kila asubuhi mimi huonja na kutema, kuonja na kutema, na nikikuambia maziwa haya yameongezwa maji ya mto, au ng'ombe huyu jana alikula vitunguu, usibishane nami. Nilimwambia mwanzo wa bia yake ni mapera, katikati ni ganda la limau, na mwisho ni uchungu uliokaa peke yake kama mgeni ambaye hajasalimiwa. Aliandika yote kwa penseli kwenye kidaftari. Wiki iliyofuata alirudi na kichupa kingine, na uchungu ulikuwa umesalimiwa.

Tangu siku hiyo, mwaka mmoja na nusu, hakuna tangi lililotoka kwake bila mimi. Hufungua bomba, hunipa glasi, kisha hunigeuzia mgongo na kungoja na penseli yake mpaka niseme. Huko kunigeuzia mgongo nilikuchukua kuwa tabia tu, kama vile wengine wanavyopiga mluzi wakifikiri. Sikuwahi kumwuliza.

Aliyeuliza ni baba.

Baba yangu, Mzee Jairus, aliendesha trekta la miwa miaka thelathini, na miaka yote hiyo Jumapili jioni aliketi na wenzake kuzunguka mtungi wa busaa, kila mmoja na mrija wake mrefu. Anawajua wapikaji wote kutoka Shinyalu hadi mjini, na humpima mtu kwa anavyokunywa. Nilipomweleza habari za Wanzala aliuliza ukoo, nikamwambia. Akauliza kazi, nikamwambia. Akafurahi kidogo.

"Na anakunywanga na nani?"

"Hakunywangi, baba. Hata hiyo yake."

Aliweka kikombe chake cha chai chini polepole, nami nikajua nimeharibu.

"Mpishi hali chakula chake, halafu anapea watu," alisema. "Maximilla, mimi sitapeana mtoto kwa mtu kama huyo. Lakini usiseme nimekataa bila kuona. Nitaenda kwake na dada yangu, senje yako. Akionja mbele yangu, watu wake wakuje tuongee. Asipoonja, asikanyage hapa, na wewe usikanyage kule."

Ndivyo ilivyokuwa. Funda moja la bia, na mimi nilikuwa upande wa pili wake.

*

Jumamosi aliyoichagua baba, nilifika kwenye kiwanda cha Wanzala asubuhi mapema. Nasema kiwanda kwa heshima tu. Ni nyumba iliyokuwa kinu cha posho, akaiezeka mabati mapya, akaweka matangi matatu yanayong'aa na meza ndefu ya mbao karibu na mlango. Harufu ya kimea kinachochemka hufika hadi kwa fundi viatu ng'ambo ya barabara, na nyuma ya nyumba ukisimama unaona mahali msitu unapoanzia.

Alikuwa akipangusa glasi. Hakugeuka nilipoingia, lakini niliona mabega yake yakitulia, kama yanavyofanya kila akisikia hatua zangu.

"Baba anakuja saa tisa," nilisema.

"Najua."

"Unajua anataka nini?"

"Umeniambia mara nne, Milla."

"Basi hii ni ya tano. Anataka kukuona ukipiga funda moja. Moja tu. Hata ukienda nyuma ukalitema, mimi sitasema kitu."

"Siwezi."

"Huwezi ama hutaki?"

Aliendelea kupangusa glasi ambayo ilikuwa imekauka zamani.

"Kama ni tumbo, sema," nikamwambia. "Kama ni dini, sema. Baba atanung'unika lakini ataelewa. Hata senje anaenda kanisa ya watu hawakunywi, na anakunywa."

"Si tumbo. Si dini."

"Basi ni nini?"

"Nitakuambia."

"Lini?"

Aliinua glasi kwenye mwanga, akaikagua. Nilivuta kiti nikaketi.

"Wanzala, mimi nina miaka thelathini na moja. Nimekataa watu wawili kwa sababu ya mtu ananigeuzia mgongo kila nikishika glasi. Leo baba akitoka hapa na kiu, hatarudi. Wewe humjui. Alimnunia ndugu yake miaka saba juu ya jogoo."

Nilitaka acheke. Aliiweka glasi mezani na hatimaye akanitazama. Ana macho mapole ambayo huchelewa kufika, lakini yakifika hayaondoki haraka.

"Na akikuambia usikanyage hapa," aliuliza, "utatii?"

"Ni baba yangu."

"Sijauliza ni nani. Nimeuliza kama utatii."

Nilimpenda, na haya hayakuwa mapenzi ya kuambiwa. Nilimpenda hadi kwenye kidole chake cha shahada kilichoingia weusi wa penseli. Bado sikupata la kumjibu, na alipoona nimekosa jibu alirudi kwenye glasi zake. Tulipanga viti bila kuzungumza, kila mmoja akimpisha mwenzake kwa adabu ya wageni. Ugomvi wa kelele ningeuweza. Adabu hiyo ndiyo iliyoniumiza.

*

Saa tisa na robo bodaboda ilisimama nje. Senje Rachael, dada ya baba, aliyekuwa ameketi upande kama malkia, mkoba mapajani, alishuka wa kwanza. Baba alishuka baadaye akinyoosha goti lake bovu.

"Mulembe," alisema mlangoni.

"Mulembe muno, mzee. Karibuni. Karibu, mama."

Baba alizunguka akikagua. Alilipiga tangi kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaenda kwa lingine. Aliinama akachota kimea kwenye gunia, akatafuna. Hakusema chochote, na kwa baba hiyo ni dalili njema. Senje naye alikwenda moja kwa moja kwenye chupa.

"Maximilla aliniambia hii ni ya India. Wahindi ndio wamekutuma?"

"Hapana, mama," Wanzala alitabasamu. "Zamani Waingereza walikuwa wanapeleka bia India kwa meli. Miezi mingi njiani. Ikawa inaharibika. Wakaijaza hopsi, hayo ni maua machungu, ndiyo ikafika salama."

"Sasa kutoka hapa mpaka Khayega itaharibika?"

"Haitaharibika."

"Basi hayo maua ni ya nini?"

"Watu walizoea uchungu, mama. Wakaupenda."

"Watu ni wa ajabu," senje alisema, akajichagulia kiti kizuri kuliko vyote.

Tuliketi. Wanzala alileta chupa moja kubwa, akaiweka mbele ya baba kwa mikono miwili.

"Mzee, hii haijaguswa na mtu tangu nilipoifunga. Naifungua mbele yako."

Kifuniko kililia kidogo. Alimimina polepole, glasi tatu: ya baba, ya senje, yangu. Povu jeupe lilipanda likasimama, na harufu ya mapera ikajaa mezani. Mbele yake mwenyewe akaweka glasi ya maji. Nilimwona baba akiyaona maji yale.

Senje alikuwa ameshanyanyua glasi. Baba alimgusa kifundo cha mkono.

"Ngoja, Rachael."

Kisha akaanza kuzungumza mambo mengine. Alisema mvua ya mwaka huu imekuja vibaya, majani chai yamekuwa magumu, na daktari amemkataza goti lake lisibebe gunia. Wanzala alijibu kila neno kwa heshima. Mimi nilikuwa natazama povu. Lilishuka kidole kimoja, likashuka cha pili, mpaka likabaki pete nyembamba ukingoni mwa glasi, na baba hakuwa amegusa kitu.

"Kijana," alisema mwishowe, kwa sauti ileile ya mvua na majani chai. "Kwenu Matete, mgeni akipewa pombe, nani anaanza?"

"Mwenye kupika, mzee. Anaonja mbele ya macho ya mgeni."

"Kumbe unajua."

"Najua sana."

"Na hapa mwenye kupika ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi tunakungoja."

Nje pikipiki ilipita, mlio wake ukaisha. Wanzala aliweka mikono yake mezani, viganja chini. Hakumtazama baba. Alinitazama mimi, na macho hayakuchelewa kufika.

"Mzee, naomba nikuambie kitu, halafu uamue mwenyewe. Milla naye asikie. Nimechelewa kumwambia."

"Sema."

"Mama yangu alikuwa anapika busaa. Jina lake Dorothy. Ukiuliza watu wazima wa Matete, wanamjua. Baba alituacha tukiwa wadogo, akafa, na sisi wote tumesoma kwa hiyo busaa."

"Hiyo si aibu," baba alisema. "Watoto wengi wamesoma hivyo."

"Si aibu, mzee. Lakini wewe unajua nyumba ya mjane. Kila mtu akiingia anataka kuona mama ameonja. Si mtungi mmoja asubuhi basi. Kila kata ikichotwa. Mtu anakaa, mama anapiga funda, ndipo anapea yeye. Wakija kumi, mara kumi. Siku ya soko wakija arobaini, arobaini. Na mama hakupenda pombe. Kanisani alikaa kiti cha mbele. Alikuwa anaonja tu ndio wageni waamini. Miaka kumi na sita."

Sauti yake haikupanda, na nilitamani ingepanda.

"Mwisho alikuwa akiamka mikono inatetemeka. Haitulii mpaka aonje, mgeni akuje au asikuje. Siku nilienda chuo aliniita kwa jiko, akaniambia, 'Mimi nimekunywa sehemu yangu na yako. Yako imekwisha.' Nikamwahidi. Mwaka uliofuata tukamzika."

Senje aliishusha glasi yake mezani bila sauti.

"Pole, mwanangu," alisema. "Lakini nikuulize. Kama hii kitu ilimmaliza mama yako, mbona wewe unaipika?"

"Ndiyo kazi alinifundisha, mama. Nilijua kuotesha wimbi kabla sijajua kusoma. Hakuna kitu kingine naweza vizuri hivi. Nikasema nitaipika, lakini nitaiweka kwa chupa, niifunge, mtu aifungue mwenyewe nyumbani kwake. Asitake mwanamke wa watu aonje ndio yeye aamini." Alipitisha mkono usoni. "Shida ni kwamba huwezi kupika bila ulimi. Nikampata Milla. Mwaka na nusu nimemfanya aonje kila tangi. Namgeuzia mgongo kwa sababu siwezi kuangalia. Kila akiinua glasi namwona mama. Nilijua nafanya nini, mzee, na sikuacha. Niliogopa nikimwambia ataacha kuja."

Hapo ndipo nilipoelewa mgongo ule. Nilishikwa na huruma, nikashikwa na hasira, na nyuma ya vyote viwili kitu kingine kikawa kinapanda kifuani ambacho, Mungu anisamehe, kilikuwa kicheko.

"Wanzala," nilisema. "Mimi natemanga."

"Nini?"

"Natema. Kwani kule kwa maziwa tunameza? Mitungi hamsini kila asubuhi, si ningekuwa ndama sasa. Naonja, natema kwa mtaro, napangusa mdomo, nakuambia mapera na limau. Wewe umenipa mgongo, ungeona wapi?"

"Tangu lini?"

"Tangu chupa ya kwanza. Hiyo niliitema kwa maua ya kituo. Hata tone halijashuka."

Senje alicheka wa kwanza, kicheko kikubwa kilichotikisa mkoba. "Mwaka na nusu unatema pombe ya mtu. Mayi, huyu mtoto." Baba alikohoa akatazama dari. Wanzala hakucheka. Aliinamisha kichwa, akafunika uso kwa viganja, na mabega yake yalitikisika muda mrefu. Niliweka mkono mgongoni mwake mbele ya baba yangu, na sikuutoa.

Alipoinua uso macho yalikuwa mekundu, lakini alionekana kijana kuliko asubuhi.

Glasi ya baba ilikuwa bado imejaa.

"Pole kwa mama yako," baba alisema. "Alifanya kazi kubwa. Neno ulimwambia mama halivunjwi, na mimi sitakuomba ulivunje. Nikikuomba nitakuwa mtu mbaya." Alisugua goti lake. "Lakini mimi pia nilifundishwa. Nimekuja hapa kwa maneno ya mtoto wangu. Siwezi kukunywa pombe haijaonjwa, halafu niende niwaambie ndugu zangu nimekaribishwa. Watasema nilikunywa kama mlevi wa njiani. Kuna mama yeyote wa hii nyumba?"

"Hakuna, mzee."

"Basi," baba alisema. Hakusema kwa ukali. Alinyoosha mkono kuchukua kofia yake.

Sikupanga nilichofanya. Ningepanga, ningeogopa. Kwetu katika mambo ya pombe mwenye nyumba ni mama, na mwanamke akionja mbele ya wageni amesema mbele yao kwamba hapa ni kwake. Msichana hafanyi hivyo katika boma ambalo halijatoa hata ng'ombe mmoja kwa ajili yake. Nililijua hilo nikisimama. Senje alilijua zaidi, maana alinishika sketi.

"Maximilla, kaa chini. Ukionja hapo umejioza mwenyewe."

"Nimesikia, senje."

"Hata mbuzi hajakuja."

"Atakuja."

Niliichukua glasi ya baba. Nilimtazama Wanzala, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakugeuka. Alikuwa amesimama, amekamata ukingo wa meza.

"Milla, si lazima," alisema.

"Ni leo tu. Kuanzia kesho ni mtaro."

"Milla."

"Niangalie. Mimi ni mimi."

Nikapiga funda, nikameza.

Mwaka mmoja na nusu nilikuwa nimemwambia mtu huyu bia yake ikoje, na kumbe sikuijua. Mapera nilikuwa nayajua, na limau. Uchungu nilikuwa nikiuacha mdomoni, nikidhani pale ndipo unapoishia. Hauishii pale. Unashuka nao, unakaza koo kidogo, halafu unaachia, na nyuma yake inakuja ladha ya wimbi lililokaangwa, tamu, ya jikoni kwa mtu. Ilinipata ghafla mpaka macho yakanilowa. Wanzala alikuwa akiniangalia wakati wote, uso umemkauka, na nilipoishusha glasi alipumua kama mtu aliyetua mzigo.

Nilipiga goti kidogo, nikamnyoshea baba glasi, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia.

"Karibu, baba. Ya nyumbani."

Baba aliitazama glasi. Akanitazama mimi kwa muda mrefu, na nikaona akimtafuta kwangu yule mtoto aliyekuwa akimpelekea mrija wake Jumapili jioni. Sijui kama alimpata. Alipokea kwa mikono miwili, akanywa.

"Chungu," alisema.

Aliigeuza glasi kwenye mwanga.

"Chungu kama mboga ya lisutsa siku ya kwanza. Kabla mama yako hajailaza na maziwa." Alikunywa tena, safari hii akakaa nayo mdomoni. "Kuna wimbi humu ndani."

"Kidogo, mzee," Wanzala alisema. "Naotesha mwenyewe."

"Vile mama yako aliotesha?"

"Vilevile."

"Alijua kazi," baba alisema, akaimaliza glasi.

Senje alichukua hiyo kuwa ruhusa. Alikunywa, akakunja uso wote. "Hii ni dawa ya marelia," alitangaza, kisha akanywa tena ili awe na hakika.

Baba alipangusa sharubu zake.

"Watu wako ni nani?"

"Baba mdogo, mzee. Phanuel. Yuko Matete."

"Mwambie akuje mwisho wa mwezi na watu wake tuongee. Huyu msichana amenimaliza maneno, sasa ninafanya nini." Akazungusha glasi tupu mezani. "Na siku hiyo kwangu hakutakuwa na pombe. Tutaweka chai."

"Chai?" senje alishtuka. "Kwa maneno ya ng'ombe, chai? Jairus, watu watasema nini?"

"Watasema tulikunywa chai."

Nilimjua baba yangu miaka thelathini na moja, na Jumapili zake zote, na sikuwahi kusikia neno kubwa kama hilo likitoka kinywani mwake. Wanzala aliinama kumshukuru. Baba alimpigapiga begani mara mbili, akavaa kofia, akatoka kwenda kutafuta bodaboda.

*

Waliondoka saa kumi na moja jua likiwa bado kali. Senje alibeba chupa mbili mkobani, za kuchunguza zaidi nyumbani, alisema. Tulisimama mlangoni mpaka pikipiki ilipopotea kwenye kona ya majani chai.

"Asubuhi uliniuliza kama nitatii," nilimwambia.

"Niliuliza."

"Sikuwa na jibu."

"Nimeliona," alisema. Alinishika mkono, kidole chenye weusi wa penseli kikapita polepole juu ya vyangu, na kwa muda tulisimama hivyo, hatuna haraka na mtu. Kisha akaniachia. "Ngoja hapa."

Aliingia ndani, kwenye kachumba anakolala. Nilisikia sanduku likifunguliwa. Alirudi na kikombe cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu uliobanduka mahali pamoja, mahali mdomo unapogusa. Nilijua ni cha nani kabla hajasema.

"Alikuwa anaonjea na hiki," alisema. "Nilikificha siku ya mazishi. Sijawahi kujua nikifanyie nini."

Alikwenda kwenye tangi la tatu, akakiweka juu ya stuli, karibu na bomba, mahali ninaposimamaga. Akamimina kidogo kwenye glasi safi, akanipa. Akachomoa penseli nyuma ya sikio. Halafu akavuta gunia la kimea, akaketi akinielekea.

"Hicho ni cha kutemea," alisema. "Ni chako."

Wanawake wengine hupewa pete. Mimi nilikishika kile kikombe kwa mikono miwili, nikaonja, nikatema, na nilipoinua uso alikuwa bado ananitazama.